Nani Mwenye Haki ya Kuunda Fedha?

Mjadala wa kidini kuhusu fedha, kwa Waislamu na kwa Wakristo wa zama za kati, umejikita kwa karne nyingi katika riba, yaani ziada anayotozwa mkopaji juu ya kile alichokopeshwa, na hivyo swali linaloitangulia riba yenyewe, la nani mwenye haki ya kuifanya fedha iwepo, limeachiwa wachumi kana kwamba halihusu haki wala dhuluma. Nicole Oresme, mwanazuoni wa Ufaransa ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lisieux, hakuliacha. Aliandika katikati ya karne ya 14, wakati wafalme wa nchi yake walikuwa wamezoea kupunguza madini ya thamani katika sarafu ili kujipatia mapato, akashikilia kwamba chapa ya mfalme haimfanyi mfalme kuwa mwenye sarafu, kwa kuwa fedha ni mali ya jamii inayoitumia. Kisha akaongeza hoja nzito zaidi: faida itokanayo na kuchezea sarafu ni ovu kuliko riba, kwani mla riba hupatana na mkopaji aliyemwendea kwa hiari, japo mara nyingi shida ndiyo iliyomsukuma, ilhali mfalme huyo huchota mali ya watu ambao hawakuulizwa na ambao pengine hawatajua kamwe walichopoteza.

Hoja hiyo inastahili kurejewa leo, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha haitengenezwi tena na mtawala. Wengi huamini kwamba benki hupokea akiba za wateja kisha huzikopesha, lakini Benki Kuu ya Uingereza ilieleza wazi mwaka 2014 kwamba mkopo ndio unaozaa amana, yaani salio lililo katika akaunti ya mteja. Mwalimu akipewa mkopo wa shilingi milioni 5 ili aezeke nyumba yake, ofisa wa benki hafungui kasha la noti wala hapunguzi hata senti katika akaunti ya mteja mwingine; anaandika milioni 5 upande wa mali za benki, kama deni analodaiwa mwalimu, na papo hapo anaandika milioni 5 upande wa madeni ya benki, kama salio la mwalimu, na salio hilo, ambalo asubuhi halikuwapo popote, jioni linanunua mabati na kumlipa fundi. Mkopo unaporejeshwa, fedha hiyo hufutika. Benki hubanwa na mtaji wake, na riba ya benki kuu, na hofu ya wakopaji wasiolipa, lakini ndani ya mipaka hiyo ndiyo inayoamua fedha mpya iingie katika jamii kupitia mlango wa nani. Na nchini Uingereza amana za benki zilikuwa takriban asilimia 97 ya fedha zilizo mikononi mwa watu na makampuni mwishoni mwa mwaka 2013.

Hapa ndipo penye uzito wa kimaadili. Makubaliano ya mkopo ni ya watu wawili, lakini benki zinapomimina mikopo ya kununulia viwanja, bei ya viwanja humpandia hata kijana ambaye hajawahi kukanyaga benki, na zinapoikata ghafla, mwenye duka hukosa wateja kwa uamuzi ambao hakushirikishwa. Sheria nayo iko upande wa benki. Mwaka 1848, katika shauri la Foley dhidi ya Hill, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba fedha iliyowekwa benki ni ya benki, na mteja ni mdai tu. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hutenganisha vikali hali mbili: aliyewekeshwa kitu ni mlinzi asiyeruhusiwa kukitumia bila idhini, na aliyekopeshwa ni mdaiwa. Mteja wa benki hujiona yuko katika hali ya kwanza, kumbe yuko katika ya pili. Kuondoa riba peke yake hakumalizi jambo, kwani hata benki inayonunua gari na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, mauzo yaitwayo murabaha, inaweza kumlipa muuza gari kwa kumwandikia salio jipya.

Wachumi wa Chicago mwaka 1933, na mchumi Irving Fisher mwaka 1935, walipendekeza kila amana inayoweza kutolewa wakati wowote iwe na fedha kamili ya serikali nyuma yake, na benki zikopeshe tu fedha ambayo mwenyewe amekubali kuiachilia kwa muda. Wapiga kura wa Uswisi waliletewa pendekezo la jamii hiyo Juni 2018, na takriban robo tatu yao wakalikataa. Hofu ya kuiachia serikali mamlaka ya kuunda fedha si ya bure: al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, aliandika mwanzoni mwa karne ya 15 kwamba wingi wa sarafu za shaba zilizotolewa na watawala ulikuwa miongoni mwa sababu za maisha kuwa magumu, na Zimbabwe ya mwaka 2008 ilionyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Mwenye kuzinyang'anya benki mamlaka hayo na kuyakabidhi serikali bila kizuizi amebadilisha mfalme tu.

Njia iliyo salama zaidi ni kuanza na haki ndogo, ya kila raia kuweza kutunza fedha ambayo si ahadi ya benki yoyote. Nchini Kenya, tangu mwaka 2007, kila shilingi ya M-Pesa hutakiwa kulingana na shilingi iliyowekwa katika akaunti ya udhamini, na wakala aliyeishiwa floti, yaani salio la M-Pesa la kuwauzia wateja, humwambia mteja asubiri mpaka anunue nyingine, kwa kuwa hawezi kuiandika tu ikawepo; hivyo mamilioni ya watu tayari hulipana kwa mfumo unaofanana na ule alioupendekeza Fisher. Kasoro ni kwamba akaunti hizo za udhamini zenyewe zimo katika benki za biashara. China iliifunga kasoro ya namna hiyo mwaka 2019, ilipoyataka makampuni ya malipo ya simu kuweka fedha zote za wateja katika benki kuu, na hakuna kinachozizuia nchi za Afrika Mashariki kufanya vivyo hivyo ila uamuzi wa watunga sheria wake.