Wanaongoja Nyarugusu

Yosefu na Maria walimkimbiza Mtoto Yesu hadi Misri, wakangoja huko wala hawakuambiwa siku ya kurudi.

Tangu 1996 Wakongo wengi wamevuka Ziwa Tanganyika, wakafika Kigoma, wakapewa hifadhi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Wengine walipokewa Marekani, wakaomba jamaa zao wawafuate. Tarehe 17 Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, mashirika ya UNHCR na IOM yalitangaza kusimamisha safari za namna hiyo. Tarehe 18 Juni yakatangaza kuzianza tena. Miezi mitatu tu, mtasema. Lakini vyeti vya daktari vina muda wake. Ukipita, mtu hupimwa upya, na kungoja huzaa kungoja. Tena Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi.

Basi, yatupasa nini? Tusimwambie anayengoja kwamba Mungu amemsahau. Aliye ng'ambo asichoke kuwapelekea habari mkewe na watoto. Aliye jirani amsomee mwenzake karatasi zake, asije akanyang'anywa fedha na wauza ahadi. Nasi sote tuwataje katika sala za jioni nyumbani mwetu, wasingoje peke yao.