UZITO USIOONEKANA

Mafundisho ya majira ya Epifania
Somo: Waebrania 11:1-3



Majira haya hutukumbusha Mamajusi, watu wa elimu ya nyota waliosafiri toka Mashariki kumtafuta Mtoto. Mtakatifu Mathayo anapotupa habari zao hawadharau kwa elimu yao, wala hasemi kwamba iliwapasa kuiacha kwanza ndipo wakaribie kusujudu. Elimu ile ilikuwa sehemu ya njia yao. Nayasema haya kwa sababu hata leo wapo wazazi wanaoogopa kumruhusu mtoto wao, hasa binti, achukue masomo ya sayansi, wakidhani kwamba ajifunzaye fizikia hana budi kupoteza imani. Nao vijana wamekwisha kuniuliza mara nyingi: "Mwalimu, sayansi inashughulika na vitu vinavyoonekana, na Mungu haonekani. Sasa sisi tushike lipi?" Swali hilo si utovu wa adabu. Linastahili kujibiwa, nami naomba tulitazame kwa habari za galaksi.

Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, zikiwa mabilioni kwa mabilioni. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi yetu, na ule ukanda mweupe tunaouona angani usiku wa giza ni galaksi hiyo hiyo tukiitazama kutoka ndani yake. Wakati wa Desemba na Januari, ukisimama mahali pasipo na taa ukatazama kusini, utaona kama kiwingu cheupe kisichosukumwa na upepo. Hiyo ni galaksi nyingine ndogo ya jirani, iitwayo Wingu Kubwa la Magellan. Jirani yetu mkubwa ni Andromeda, iliyo upande wa kaskazini. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na hata hivyo huchukua miaka ipatayo milioni 2.5 kutoka huko mpaka ifike kwetu.

Katikati ya nyota hizo mna gesi, na iliyo nyingi kupita zote ni haidrojeni. Nyota mpya huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi. Haidrojeni iliyo baridi haionekani kwa macho, lakini hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mtaalamu wa Uholanzi, Hendrik van de Hulst, alitabiri jambo hilo mwaka 1944, na mwaka 1951 Harold Ewen na Edward Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliyapokea mawimbi hayo.

Je, mtu aliye hapa duniani atajuaje mwendo wa gesi iliyo mbali hivyo? Fikiri umesimama kando ya barabara, na basi linakuja likipiga honi. Likikaribia, sauti ni nyembamba na kali; likiisha kupita, sauti hushuka ikawa nzito. Mawimbi ya gesi nayo yako hivyo. Gesi inayokuja upande wetu, mawimbi yake hufupika. Ile inayokwenda mbali nasi, mawimbi yake hurefuka. Mtaalamu akipima upande mmoja wa galaksi na upande wa pili, hujua kwamba yote inazunguka, na kwa kasi gani.

Sasa tukumbuke sayari zetu. Utaridi, iliyo karibu na jua kuliko zote, huenda kilomita 47 kwa sekunde. Dunia huenda kilomita 30. Neptuni, iliyo mbali kabisa, huenda kilomita 5 na kidogo. Kadiri sayari ilivyo mbali ndivyo mwendo wake ulivyo wa polepole, maana karibu uzito wote umo katika jua, na mvuto wake hupungua kwa umbali. Kwa kuwa katika galaksi nuru nyingi imekusanyika katikati, ilitazamiwa kwamba gesi ya pembeni nayo itakwenda polepole.

Mwaka 1970 mama mmoja wa Marekani, Vera Rubin, pamoja na mwenzake Kent Ford, walitangaza vipimo vyao vya mawingu ya gesi ing'aayo katika Andromeda. Kasi ya pembeni haikupungua kama ilivyotazamiwa. Wenye kupima kwa redio walifuata haidrojeni mbali zaidi, hata mahali ambapo nyota ni haba sana. Mwaka 1978 Albert Bosma wa Uholanzi alikusanya vipimo vya galaksi 25, na kwa jumla habari ilikuwa ile ile. Katika Andromeda gesi hiyo ya mbali huenda zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Hata katika bara letu kazi hii inaendelea: huko Afrika Kusini, mitambo 64 ya kupokea mawimbi, iitwayo MeerKAT, ilizinduliwa mwaka 2018, na gesi ya galaksi za jirani ni mojawapo ya mambo inayoyachunguza.

Gesi yenye mwendo huo ingalitawanyika zamani, kama uzito uliopo ungekuwa ule tunaouona tu. Lakini haikutawanyika. Kwa hiyo wataalamu walio wengi husema kwamba upo uzito mwingine usiotoa nuru yo yote, nao wakauita maada ya giza. Kwa hesabu zao, katika ulimwengu wote ni kama mara 5 ya maada ya kawaida. Wengine wachache, wakimfuata Mordehai Milgrom aliyeandika mwaka 1983, wanaona kwamba ni kanuni ya mvuto yenyewe inayotakiwa kusahihishwa. Mpaka leo hakuna aliyeishika maada hiyo mkononi. Inajulikana kwa kazi yake.

Hapa napenda kuwaonya wenzangu wenye bidii kuliko maarifa. Msisimame mimbarani mkasema kwamba maada ya giza ni Mungu, au ni Roho Mtakatifu. La hasha! Ikiwa ipo, ni kiumbe, kama gesi na kama udongo wa shamba lako. Mungu si kitu kimoja zaidi cha kuongezwa katika orodha ya vitu. Na tukimweka mahali ambapo elimu haijafika, siku elimu itakapofika hapo tutawaambia nini watoto wetu?

Ninalowaambia vijana ni dogo kuliko hilo. Yeye asemaye kwamba sayansi hukataa kila kisichoonekana, hajaisoma sayansi vizuri. Wataalamu waliona mwendo, wakauliza ni nini kinachoushika. Nasi tuulize vivyo hivyo. Katika usharika wetu wamo wajane waliozika watoto wao, na Jumapili iliyofuata wakaja kanisani, wakaketi mahali pao pa siku zote. Wamo watu walioonewa wakakataa kulipiza kisasi. Ni nini kinachowashika wasitawanyike? Huo si uthibitisho wa hesabu, ila ni ushuhuda, na Mtakatifu Yakobo afundisha kwamba imani huonekana katika matendo. Tena ndio unaotupasa kutetemeka, maana kijana anayetutazama sisi wazazi atapima mwendo wetu kabla ya kusikiliza maneno yetu.

Basi wazazi, msiwanyime watoto wenu masomo hayo. Mama Vera Rubin alifanya kazi katika siku ambazo wanawake walifungiwa milango mingi ya elimu hiyo; mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kutumia darubini kubwa ya Palomar. Alifariki mwaka 2016, na leo kituo kikubwa cha kutazama nyota huko Chile kina jina lake. Binti yako akileta nyumbani kitabu cha fizikia, mnunulie daftari na mafuta ya taa, na mwombee. Na usiku usio na mbalamwezi, watoeni watoto nje, muwaonyeshe kile kiwingu cha kusini, kisha muwasomee Zaburi ya 19.

Ee Bwana, Muumba wa vinavyoonekana na visivyoonekana, uwape watoto wetu akili ya kuuliza, nasi utupe mwendo usiowakwaza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.