Kitabu Kilichofungiwa Kabatini

Je, kosa lililo kubwa ni lipi: kupoteza kitabu cha shule, au kukihifadhi hata kisisomwe na mtu? Wasomaji wetu wengi, wazazi kwa walimu, watajibu upesi kwamba kosa ni kupoteza. Sisi twathubutu kusema vinginevyo.

Mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule huandikiwa idadi ya vitabu daftarini. Kikipungua kimoja, ndiye atakayeulizwa. Vikikaa vyote kabatini mwaka mzima, hakuna amwulizaye neno. Basi hutia kufuli, wala si mwovu kwa hilo. Huko nyumbani mzazi naye ana hofu yake: mtoto akileta kitabu cha hadithi, mdogo wake atakirarua, mvua itakinyeshea, kisha shule itadai fedha za chakula cha juma zima. Hivyo asema, “Kirudishe huko huko.” Watu wawili waaminifu, kila mmoja akiilinda mali isiyo yake, wamnyima mtoto kitu kilichonunuliwa kwa ajili yake.

Tena Pwani yetu haina huruma kwa kitu kilichowekwa tu. Kutoka Mbweni hadi Kaole na Bagamoyo, hewa ya chumvi na unyevu wa masika hupenya hata sandukuni. Kurasa hushikana, ukungu huota, na mchwa humaliza kazi. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto 40 kimetumika. Kilicholiwa na mchwa kimekufa bure, ingawa daftarini chahesabiwa kuwa kizima.

Hasara hiyo nchi yetu yaijua. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Ikaja kampeni kubwa ya kisomo, na kwa hesabu za Serikali, ilipofika mwaka 1986 walisalia 10 hivi. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta wapatao 22. Sababu ni nyingi. Mojawapo yajulikana na kila aliyefundisha kisomo, kwamba mtu aliyejifunza herufi asipate cha kusoma huzisahau. Mtoto ambaye hana cha kusoma ila ubao wa darasani yumo katika hatari iyo hiyo.

Wako wazazi watakaosema, “Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?” Jibu liko hapa hapa Pwani. Tenzi za wazee wetu zilisomwa na mmoja, zikasikilizwa na baraza zima, na wengi katika baraza hilo hawakujua herufi hata moja. Kusikiliza kulikuwa sehemu yao. Padre Charles Sacleux, aliyefanya kazi miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo, alitoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili mwaka 1939. Utajiri uliomo ulitoka vinywani mwa watu, na wengi wao hawakushika kalamu maishani. Mtoto akikuta kitabuni neno “foromali” au “demani”, mwalimu aliyetoka bara huenda akababaika. Babu mvuvi atampeleka ufukweni amwonyeshe.

Lakini kusikiliza ni kazi, wala si kukaa karibu tu. Mtoto akiwa katikati ya ukurasa asitumwe dukani. Aulizwe: huyu sungura alifanya nini, na je, ilikuwa haki? Na hili tusimwachie mama peke yake, ambaye saa hiyo yu jikoni. Baba aliyekwisha kula ana robo saa.

Kuhusu faini, twasema wazi: ifutwe. Wengine watanung’unika kwamba watoto watazoea uzembe. La! Mtoto aliyerarua kitabu aketi na mzazi wake Jumamosi, wakibandike kwa gundi na kukivika jalada la gazeti kuukuu (hata la gazeti hili, hatutaona uchungu). Mtoto huyo atajua thamani ya kitabu kuliko yule ambaye baba yake alilipa kwa hasira. Nayo kamati ya shule imwondolee mwalimu mzigo wa kujibu peke yake: vitabu vilivyopotea viandikwe kuwa hasara ya wote. Mkaguzi naye afikapo, asiridhike na kabati lililojaa; aombe kuonyeshwa kwanza vile vilivyochakaa.