Ukimya Nilioukata



Wengi mmekuwa mkiniuliza mnaanzaje kurekodi simulizi za sauti kwa ajili ya VIWAWA na jumuiya zenu. Swali zuri, maana Mtume Paulo anawakumbusha Warumi kwamba imani inaingilia masikioni (Rum 10:17). Ufundi kidogo ninaoujua nitawapa. Ila siwezi kuwapa bila kuwaambia na kosa nililolifanya nao.

Nilipokuwa kwenye mwaka wa kichungaji, paroko aliniomba niandae simulizi fupi kwa ajili ya semina ya vijana ya Kwaresima. Mada ilikuwa msamaha. Katika jumuiya moja kulikuwa na bibi mjane ambaye shemeji yake alimega sehemu ya shamba baada ya mume wake kufariki. Watu walikuwa wakisema, "Yule bibi ana moyo, amesamehe." Mimi nikajisemea, basi, simulizi imeshapatikana.

Nilienda kwake jioni. Shikamoo, marahaba, chai ya rangi na magimbi. Nikamwomba ruhusa ya kurekodi, akakubali. Hapa andika pembeni, ndugu msomaji, kama unaanza. Huhitaji vifaa vya gharama, simu yako inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati ya maneno. Kaa chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, kwa sababu vitambaa vinanyonya mwangwi. Sebule tupu yenye sakafu ya saruji itakufanya usikike kama uko kisimani. Simu iwe kama shibiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji, pembeni kidogo, ili pumzi isiigonge moja kwa moja. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Maswali yasiwe ya ndiyo au hapana. Ukiuliza "Uliumia?" utajibiwa "Ndiyo, sana," na hapo umekwama. Sema, "Bibi, nisimulie siku ile ilivyoanza." Halafu nyamaza, usimkatize hata kwa "eeh, eeh" zako. Mkimaliza, kaeni kimya na urekodi nusu dakika ya chumba chenyewe. Kila chumba kina pumzi yake: kuku nje, bati linalolia jua likishuka. Sauti hiyo ndiyo utakayoitumia baadaye kuziba mahali ulipokata, ili msikilizaji asisikie shimo.

Yote hayo niliyafanya vizuri. Swali langu la mwisho lilikuwa hili: "Na leo, bibi, shemeji yako umemweka wapi moyoni?"

Akajibu, "Nimemsamehe." Akanyamaza. Baadaye nilipima kwenye kompyuta, zilikuwa sekunde 11. Kisha akasema polepole, "Namwomba Mungu nimsamehe. Kila siku naanza upya. Na shamba langu bado nalidai."

Usiku nikaketi kuhariri. Nilipewa dakika 6 tu. Ule mwisho niliuona unapooza mambo, si unajua, vijana wanataka kuguswa. Nikakata baada ya "Nimemsamehe". Nikaweka sekunde 2 za pumzi ya chumba, halafu nikaingiza kwaya. Mshono haukusikika kabisa, na nikajipongeza.

Siku ya semina watu walilia. Kijana mmoja aliniambia amempigia simu baba yake ambaye walikuwa hawasemeshani. Sauti ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Wiki 2 baadaye, baada ya Misa, bibi akanishika mkono pembeni ya kanisa. "Frateri mwanangu, ile sauti ni yangu. Ila hayo siyo niliyokuambia." Kumbe ndugu wa marehemu walikuwa wamemwita kwenye kikao cha ukoo. Walimwambia: umetangaza mwenyewe kanisani kwamba umesamehe, sasa shamba unalidai la nini?

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nina shahada ya falsafa, kwa hiyo utetezi nilikuwa nao tayari. Sikuongeza neno hata moja. Kila neno lililosikika alilisema yeye, kwa kinywa chake. Tena kusimulia ni kuchagua, hakuna anayesimulia yote. Hata Yohane anakiri kwamba Yesu alifanya ishara nyingi ambazo yeye hakuziandika (Yn 20:30). Kama kukata ni dhambi, basi Mwinjili naye ana kesi ya kujibu.

Utetezi huo ulidumu siku 3 hivi. Kilichouvunja ni Mtakatifu Augustino. Mwaka 395 hivi aliandika kitabu kizima juu ya uongo. Kwake uongo haupimwi kwanza kwa maneno kama ni ya kweli au la. Unapimwa kwa moyo wa anayesema: je, anakusudia msikilizaji aamini kitu ambacho yeye mwenyewe anajua sicho? Sasa nijiulize mimi. Nilijua bibi bado anapambana. Nilitaka vijana waamini kwamba ameshamaliza. Maneno yalikuwa ya kweli yote, na uongo ulikuwa wangu, umejificha kwenye ule mshono.

Tena Augustino anapanga aina 8 za uongo. Iliyo nzito kuliko zote, anayoiweka ya kwanza, ni uongo unaosemwa katika kufundisha dini. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mimi nilikuwa nimejiona na kosa dogo, la nia njema, la kuwasaidia watu wasali.

Lakini yule kijana aliyempigia baba yake? Je, tunda jema halifuti kosa? Swali hili si la kupuuza, na mimi namshukuru Mungu kwa simu ile. Hata hivyo Paulo anakataa wazo la kutenda mabaya ili mema yapatikane (Rum 3:8). Mungu anaweza kuotesha kitu kwenye shamba nililoliharibu, ila hilo halinipi hati ya kuendelea kuharibu. Tena fikiria waliokuwa ndani ya ukumbi ule ambao hawajaweza kusamehe kwa siku moja. Hao walirudi nyumbani wakijiona Wakristo wabovu kuliko bibi. Laiti wangesikia zile sekunde 11, wangejua kwamba naye anaanza upya kila asubuhi.

Kuna na kosa la mafundisho. Simulizi yangu ilifundisha kwamba ukisamehe, dai lako linakufa. Kanisa halifundishi hivyo. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya huruma ya Mungu wa mwaka 1980, anaeleza kwamba msamaha haufuti madai ya haki. Ubaya uliotendwa unabaki kuhitaji kurekebishwa. Bibi hajasoma waraka ule, lakini alikuwa ameueleza kwa sentensi 3, na mimi mwenye shahada nikazikata.

Na ukimya wenyewe je? Mimi niliuona kama nafasi tupu. Wainjili hawakufanya hivyo. Yesu aliponyamaza mbele ya Pilato, waliandika kwamba alinyamaza (Mt 27:14). Wangeweza kuruka hadi neno linalofuata. Waliuacha, kwa sababu ukimya ule ulikuwa unasema kitu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuanza, kata. Lazima ukate. Kata kikohozi, kata "yaani" ya ishirini, kata hadithi ya mbuzi isiyohusika. Mtakatifu Thomaso wa Akwino anaiweka kweli karibu na haki, maana kweli ni kitu tunachodaiana. Katika simulizi ya sauti unadaiwa na watu wawili: anayesikiliza, na yule aliyekupa sauti yake. Mimi kabla ya kukata mahali penye uzito najiuliza maswali 3. Nakata ili maana yake isikike vizuri, au nakata kwa sababu maana yake inaniharibia mwisho wangu? Je, ningeweza kukata hivi akiwa ameketi pembeni yangu anasikiliza? Na simulizi hii ikitoka nje, nani atabeba matokeo yake, mimi au yeye? Jibu la swali la pili linapatikana kirahisi: mpelekee asikilize kabla hujamrushia mtu yeyote.

Nilirudi kwa bibi na simu. Nikamsikilizisha yote, bila kukata. Zile sekunde 11 zilipofika aliinamisha kichwa. Nikamuuliza, "Bibi, tuweke nini?" Akasema, "Weka hapo nilipochoka." Tukaiweka, na semina iliyofuata vijana waliisikia, nami nikawaeleza nilichokuwa nimefanya. Paroko alikwenda nami kwa wazee wa ukoo kusema kwamba kosa ni langu. Walitusikiliza kwa heshima. Shamba mpaka leo halijarudi, na sehemu ya mzigo huo ni yangu.

Wiki hii, rekodi mtu mmoja. Anza na bibi au babu yako. Muulize swali moja, kisha unyamaze mpaka amalize kweli.

Tusali: Ee Bwana, wewe unayesikia hata tusichoweza kukisema, utufundishe kusikiliza kabla ya kusimulia, na utupe ujasiri wa kurekebisha tulipokosea. Amina.

Amani ya Kristo iwe nanyi. Niombeeni.