Ngoma ni ya Nani?

Kazi iliyofanywa na wengi ni ya nani? Huku kwetu Kasulu na Kibondo tumeona kwaya ikivunjika kwa neno hili: mmoja alitunga wimbo, mwenzake akaupangia sauti, kisha kila mmoja akadai sifa. Wimbo ukafa.

Na tuwatazame jirani zetu Warundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2014. Ngoma hupangwa nusu duara, na moja, iitwayo inkiranya, huwekwa katikati iongoze. Nyingine huifuata, lakini chache, ziitwazo amashako, hudumisha mdundo bila kukoma. Mpigaji huja katikati, huruka, huonyesha ustadi wake, kisha hurudi ili mwenzake naye aje.

Basi twajifunza ya kwamba kuongoza ni zamu, wala si mali ya mtu. Labda mtu atasema, "Mwenye kipawa atapotea katika kundi." Sivyo; kipawa chake huonekana kwa sababu wenzake wameshika mdundo. Yule wa amashako akiuacha, hodari wa katikati ataruka juu ya nini? Kwa hiyo tutungapo pamoja, kabla ya kudai sifa, tumshukuru kwanza ashikaye mdundo.