Anayepita na Anayekaa: Tafakuri Juu ya Mandhari ya Pwani

Katika kijiji cha Miaotou, wilaya ya Huangpu, mashariki ya jiji la Guangzhou, lipo hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililoasisiwa mwaka 594 zama za nasaba ya Sui. Kwa karne nyingi mabaharia walituma dua zao hapo kabla ya kutweka. Miongoni mwa sanamu zake imo moja ya mtu mwenye uso mweusi, aliyevishwa mavazi ya ofisa wa Kichina. Mkono wake mmoja ameuinua juu ya paji la uso, kama mtu akingaye jua ili aone mbali. Yasimuliwa kwamba alikuwa mgeni kutoka upande wa Bara Hindi, aliyefika zama za Tang. Alishuka pwani, akapanda mbegu za mfenesi penye hekalu, na uzuri wa mahali pale ukamteka hata akasahau saa. Alipogutuka, jahazi lilikwisha ng'oa nanga. Akabaki ufukoni akitazama bahari mpaka mauti yalipomkuta, na wenyeji wakamfanya wao.

Nilifika mbele ya sanamu hiyo mwishoni mwa safari ya gari. Mwenzangu mwalimu, mwenyeji wa huko, alikuwa amenichukua asubuhi hadi Nansha, kusini kabisa ya jiji, panapo hekalu la Tianhou, mlinzi wa wasafiri wa baharini, likiangalia mlango wa Mto wa Lulu. Kutoka hapo tulirudi kuelekea mjini. Tulipita karibu na mlango wa Humen, ambako mwaka 1839 Lin Zexu aliamuru kuangamizwa kwa makasha zaidi ya elfu ishirini ya kasumba ya wafanyabiashara wa kigeni. Tulipita mifereji, mashamba ya migomba, mabwawa ya samaki, na vijiji vilivyojibanza chini ya madaraja marefu. Kioo cha gari kilikuwa safi, na kila kitu kilionekana kizuri. Nilisema hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Mwenzangu hakubisha. Alinieleza tu kwamba baadhi ya watu wa mifereji hiyo ni wa ukoo wa Wadanjia, waliokuwa wakizaliwa, kuoana na kufa ndani ya mashua. Zamani walizuiwa kukaa nchi kavu. Mwaka 1729 mfalme Yongzheng alitoa amri ya kuwaruhusu, lakini dharau haikwisha kwa amri. Nilipotazama tena mashua zilizofungwa kando ya mfereji, hazikuwa zimebadilika rangi wala umbo. Hata hivyo sikuweza tena kusema "pazuri" kwa wepesi ule ule.

Swali langu, basi, ni hili: je, mtu anayeupenda uzuri wa mahali anapopita ana deni lolote kwa wanaoishi mahali hapo?

Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uamuzi wa uzuri, angejibu kwamba hapa maswali mawili yamechanganywa. Anatoa mfano wa kasri. Mtu akiulizwa kama kasri ni zuri, asijibu kwa kuwalaumu wakubwa wanaotapanya jasho la watu kwa mambo ya anasa. Lawama hiyo yaweza kuwa ya haki, ila siyo jibu la swali aliloulizwa. Kuhukumu uzuri ni kutazama bila haja wala maslahi yoyote katika kitu kinachotazamwa. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuitupa. Inatukinga na tabia ya kudai kwamba kila kilicho kizuri kithibitishe kwanza uadilifu wake. Bahari haina hatia kwa sababu ya yaliyotendeka juu yake.

Lakini kasri la Kant limesimama mbele ya mtazamaji aliyesimama. Mandhari ya barabarani ni jambo jingine. Kutazama kwa mpitaji kunawezekana kwa sababu hahitaji kusimama, na kutosimama ni tendo. Ndiyo maana nataka kuacha Guangzhou kidogo nizungumzie barabara ninayoijua zaidi.

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120. Wageni huisifu kuwa ni safari ya pwani, ingawa kwa kweli barabara huiona bahari kwa nadra. Sehemu kubwa ni minazi, mikorosho, na mashamba ya mkonge ya Vipingo. Bahari hujitokeza pale Kilifi, darajani, hori linapofunguka chini yako kwa ghafla kiasi cha kukukata maneno. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake palikuwa na kivuko, na kila msafiri, awe waziri au mchuuzi, alishuka, akangoja, akanunua korosho, akaulizwa atokako.

Miaka kadhaa baada ya kurudi kutoka masomoni ng'ambo, niliendesha gari njia hiyo nikiwa na wageni wawili wa chuo. Niliwaonyesha hori la Kilifi kwa fahari, kana kwamba nimelichimba mimi. Baada ya daraja, tulipita njia panda ya Takaungu, alikokuwa akiishi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Nilitazama saa. Wageni walikuwa na ndege ya jioni. Nilisema moyoni kwamba nitarudi. Juma lile lile shangazi alinipigia simu. Hakulalamika. Alisema, "Mwanangu, nimeambiwa ulipita." Kisha akaniuliza hali ya watoto.

Neno hilo, "ulipita", sijalimaliza hadi leo. Katika mila yetu mtu hapiti mlango wa watu wake bila kubisha hodi, na hodi si ruhusa ya kuingia tu: ni kukiri kwamba ndani mna mtu. Jibu lake, "karibu", hukiri kwamba nje pia yupo. Mandhari, nadhani, ni pwani iliyotazamwa bila hodi. Siku ile mji wa shangazi yangu ulikuwa sehemu ya mandhari niliyoiuza kwa wageni, na yeye alikuwa mle ndani.

Mtu aweza kunipinga kwa njia mbili. Kwanza, atasema ninatamani kivuko kwa kuwa sikuwa mimba inayosubiri upande wa pili usiku wa manane. Ni kweli. Daraja limeokoa roho za watu, na yeyote anayelia juu ya mwendo wa polepole awaulize kwanza waliochelewa hospitali. Sisemi daraja ni kosa. Nasema kivuko kilitulazimisha kufanya jambo ambalo sasa inatupasa kulifanya kwa hiari, na hiari ni mzigo mzito zaidi kuliko lazima.

Pili, atasema wenyeji nao hutazama. Shangazi yangu alikaa barazani kila alasiri akiangalia maji yakipwa. Je, naye alikuwa na deni? Naam, nalo alikuwa akililipa. Alijua ni mashua ya nani iliyochelewa, na ilipochelewa hakulala. Kutazama kwake kulikuwa kumeshikamana na wajibu, wala uzuri haukupungua kwa hilo. Hapa ndipo ninapoachana na Kant: mtu aweza kuwa na haja na kitu na bado akauona uzuri wake, pengine kwa ukamilifu zaidi.

Narudi kwa mgeni wa Miaotou. Siku hizi kutoka hekaluni huoni bahari aliyoitazama. Ufuko umesogea mbali, na mbele ya lango waakiolojia wamefukua gati za zama za Ming na Qing zilizobaki nchi kavu. Nilizoea kudhani hadithi yake ni onyo kwa wanaopumbazwa na uzuri. Sasa naisoma vingine. Yeye ndiye mpitaji aliyesimama. Gharama ya kusimama ilikuwa kubwa, kubwa kuliko ile niliyoikwepa mimi, kwani alipoteza njia ya nyumbani, na bahari ikaacha kuwa mandhari ikawa upande wa watu wake. Lakini waliomwona akingoja walimvisha nguo zao, na mifenesi aliyoipanda ikawa sehemu ya habari za mahali pale.

Wengi wetu tunaosoma na kuandika ugenini tumo kati ya hali hizo mbili. Huku tunainua mkono juu ya paji tukitazama kwetu. Tukirudi kwetu, tunapita na kioo kimefungwa.

Shangazi alifariki kabla sijakata kona ya Takaungu. Nilifika mazishini. Watu wengi walinipokea vizuri, wakanionyesha mahali alipokuwa akikaa. Niliketi hapo kidogo. Maji yalikuwa yakipwa, na palikuwa pazuri mno.