Mgagani Kati ya Pamba



Mvua zinapoanza hapa Bariadi, twashika majembe kupalilia pamba na mahindi. Katikati ya mistari huota mgagani, usiopandwa na mtu. Majani yake yametengana kama vidole vya mkono, maua yake ni meupe, na maganda yake membamba yakikauka hupasuka na kumwaga mbegu ndogo nyingi. Hustawi hasa penye samadi. Mpaliliaji mwenye haraka huung'oa pamoja na magugu.

Lakini mama zetu hawakuung'oa ovyo. Waliinama, wakachuma majani machanga, wakayachemsha, wakamwaga maji yenye uchungu, kisha wakaunga kwa maziwa au karanga. Mboga hiyo ilitulea kabla mavuno hayajafika. Nao wataalamu wa lishe wathibitisha kwamba ina madini ya chuma na vitamini A.

Tukumbuke mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 13. Watumwa walitaka kwenda kung'oa magugu, mwenye shamba akawazuia, wasije wakang'oa na ngano. Hakusema kwamba magugu hayapo. Alisema kazi ya kutenganisha haikuwa yao.

Katika Usukuma wetu neno hilo limesahauliwa kwa namna ya kutisha. Wanawake wazee wameitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, wakauawa kwa mapanga. Je, wekundu huo waliupata wapi? Ni moshi wa jikoni wa miaka mingi, wakitupikia. Waliotufundisha kutambua mboga kati ya magugu, sisi tumewahesabu kuwa magugu!

Wala tusiseme jambo hili halituhusu. Mwenye kushika panga aweza kuwa mmoja, lakini minong'ono iliyomtangulia ni yetu: kisimani, gulioni, hata mlangoni mwa kanisa baada ya Ibada. Na tunapokwenda kwa mpiga ramli kuuliza nani amemroga mtoto wetu, tumekwisha kuinua jembe.

Basi juma hili kila nyumba imtembelee bibi mmoja akaaye peke yake. Tumpelekee kuni na chumvi, tuketi, tule naye. Na jina lake likitajwa kwa uchawi, tukatae papo hapo, wala tusingoje Jumapili.

Bwana wa mavuno atujalie kupalilia kwanza mioyo yetu wenyewe. Amina.